Mkono wa Mtoto Mchanga na Jinsi Unavyojifunza Kushika



Mtoto azaliwapo, wanawake waliomzunguka mama huvihesabu vidole vyake. Wakiona vimetimia kumi mikononi na kumi miguuni, humshukuru Mungu na kuendelea na kazi nyingine. Tangu siku hiyo watu hutazama mambo mengine: uzito wa mtoto, meno yake, siku atakapokaa, siku atakaposimama, na siku atakaposema neno la kwanza. Mikono husahauliwa. Jirani huuliza, "Je, amekwisha simama?" Ni nadra sana kumsikia jirani akiuliza, "Je, amekwisha weza kuokota punje kwa vidole viwili?" Lakini mkono una hatua zake kama mguu ulivyo na hatua zake, na mzazi azijuaye hatua hizo huweza kuiona hatari kabla haijafika, na huweza kuutambua udhaifu wakati ambapo bado iko nafasi nzuri ya kuusaidia.

Mikono huanza kuchipuka mtoto akiwa tumboni, yapata mwezi mmoja baada ya mimba kutungwa, nayo wakati huo ni kama vichipukizi viwili visivyo na vidole. Ufikapo mwisho wa mwezi wa pili vidole vimekwisha achana. Kabla mimba haijafika nusu ya muda wake mtoto huweza kuvikunja vidole hivyo, na mashine za kutazamia tumboni zimewaonyesha watoto wakinyonya kidole gumba hali bado hawajazaliwa.

Basi mtoto huja duniani akiwa na mkono ambao umekwisha jua jambo moja, nalo ni kufumba. Mtu akiweka kidole chake katika kiganja cha mtoto wa siku moja, vidole vya mtoto hufumba mara moja na kukishika kwa nguvu ya kushangaza. Baba wengi hufurahi sana, wakidhani kwamba mtoto amemtambua mzazi wake. Furaha hiyo haina ubaya wo wote, lakini kweli ni kwamba mtoto angekishika vivyo hivyo kidole cha mgeni, au mpini wa mwiko. Hakushika kwa kupenda. Kiganja kimeguswa, na mkono umefumba bila mtoto kuamua, kama vile jicho lifumbavyo lenyewe likirukiwa na vumbi.

Katika mwaka 1891 daktari mmoja wa Uingereza, Louis Robinson, alitangaza habari za watoto wachanga zaidi ya 60 aliowajaribu, wote wakiwa hawajatimiza mwezi mmoja. Aliwapa fimbo nyembamba waishike, kisha akawainua. Karibu wote waliweza kuning'inia kwa mikono yao kwa muda wa sekunde 10 au zaidi, kama mtu aningʼiniaye kwenye tawi la mwembe. (Jambo hili lisijaribiwe nyumbani hata kidogo, mtoto huachia ghafula bila kutoa habari.) Mtu akaaye karibu na msitu na kuwatazama nyani ataelewa maana yake. Mtoto wa nyani huyashika manyoya ya mama yake, na mama hukimbia, huruka, wala mtoto haanguki. Wataalamu wengi huamini kwamba nguvu ile ya kiganja cha mtoto wa binadamu ni mabaki ya kazi ya namna hiyo. Mama wa binadamu hana manyoya ya kushikwa. Yeye amejipatia leso na mbeleko.

Hapa pana jambo ambalo aghalabu watu hawalifikiri. Mkono ufumbao wenyewe hauwezi kufunzwa kazi. Mtoto hawezi kuchagua kitu, wala kukifikia, wala kukiacha, maadamu kiganja chake kinafumba kila kiguswapo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mkono ni kuusahau ujuzi uliozaliwa nao. Ushikaji ule wa kuzaliwa hupungua polepole, na kati ya mwezi wa nne na wa sita huwa umetoweka. Si kwamba mtoto amepoteza nguvu. Ubongo umeanza kuutawala mkono.

Dalili ya kwanza ya utawala huo ni ndogo sana, na ni rahisi kupita bila kuonekana. Katika mwezi wa pili na wa tatu ngumi huanza kulegea. Mtoto aliyelala chali huinua mkono mbele ya uso wake na kuutazama kwa muda mrefu, akiugeuza huku na huku kana kwamba ni kitu alichokiokota njiani. Asiyejua huweza kudhani kwamba mtoto amepumbaa. Sivyo. Yuko shuleni. Jicho linajifunza kwamba kitu kile kipitacho mbele yake ni mali yake, na mkono unajifunza kwenda pale jicho litakapo. Kisha mikono miwili hukutana juu ya kifua, kila mmoja ukamshika mwenziwe, na mtoto akapata habari kwamba ana mikono miwili.

Ufikapo mwezi wa nne, mtoto akiona kitu kimening'inizwa mbele yake hukipiga badala ya kukishika, maana mkono bado hulenga vibaya. Baada ya wiki chache hukifikia, mara nyingi kwa mikono yote miwili pamoja, kama mtu akumbatiaye boga. Kushika kwenyewe bado ni kwa kiganja kizima. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, H. M. Halverson, aliyachunguza mambo haya kwa uangalifu mkubwa. Aliwapiga picha za sinema watoto wa wiki 16 mpaka wiki 52 wakati walipowekewa mbele yao kipande cha mti cha mraba, cha inchi moja kila upande. Halafu alizitazama picha zile moja moja, na katika mwaka 1931 akaeleza namna kumi za kushika ambazo mtoto hupitia. Mwanzoni mtoto hukibana kitu upande wa kidole cha mwisho, na kidole gumba kimekaa kando hakina kazi. Mwezi kwa mwezi kazi huhamia upande wa pili wa mkono, mpaka gumba likasimama mbele ya vidole vingine na kusaidiana navyo. Mkulima ashikaye jembe, fundi cherahani ashikaye sindano, na karani ashikaye kalamu, wote wamepita njia hiyo, ingawa hakuna hata mmoja aikumbukaye.

Katika mwezi wa sita au wa saba mtoto huanza kukihamisha kitu toka mkono huu kwenda mkono ule. Mzazi akitaka kuona maendeleo hayo, na ampe mtoto kijiko, kisha ampe kijiko cha pili. Mtoto mdogo huachia cha kwanza ili apokee cha pili. Mtoto aliyekomaa kidogo hukihamisha cha kwanza mkono wa pili, akapokea kingine, akabaki na vyote viwili akivigonganisha kwa furaha, na kelele hizo ni habari njema nyumbani.

Kila kishikwacho wakati huu hupelekwa kinywani. Wazazi wengine humchapa mtoto mkono kwa sababu hiyo, wakidhani ni ulafi. Haifai. Midomo na ulimi wa mtoto huhisi vitu vizuri kuliko vidole vyake vilivyo bado vigeni, na kwa kinywa hujua kipi ni laini, kipi ni kigumu, kipi ni baridi. Yampasa mzazi kuvisafisha vile ambavyo mtoto hushika, na kuiosha mikono ya mtoto kwa maji na sabuni kabla ya kula na baada ya kutambaa chini, maana uchafu wa sakafu na wa kuku waingiao nyumbani hupita katika vidole hivyo mpaka tumboni, na kuhara huua watoto. Tena ni katika mwezi huu wa sita ambapo mtoto huanza kupewa chakula pamoja na maziwa ya mama. Mikono na tumbo vimefika pamoja. Kipande cha ndizi mbivu au cha kiazi kitamu kilichochemshwa mpaka kikalainika, mtoto akiwa ameketi wima na mtu akimtazama, ni mlo na ni somo pia. Nguo zitachafuka, nguo hufuliwa.

Kuketi kwenyewe kuna uhusiano mkubwa na mikono. Mtoto asiyeweza kuketi huitumia mikono kujizuia asianguke. Akiweza kuketi peke yake, mikono huachwa huru. Juu ya jambo hili iko habari itokayo Kenya ambayo imesomwa na wataalamu wa nchi nyingi. Katika mwaka 1957 Marcelle Geber na R. F. A. Dean walitangaza kwamba watoto wachanga wa Kiafrika waliowapima Kampala walionekana kuwatangulia watoto wa Ulaya katika nguvu na utawala wa mwili. Watu wakabishana sana kama sababu ni damu au ni malezi. Halafu Mmarekani Charles Super aliishi katika kijiji cha Wakipsigis kiitwacho Kokwet, akawatazama mama na watoto wao nyumbani kwao, na katika mwaka 1976 akatoa matokeo yake. Watoto wa Kokwet waliketi, wakasimama na kutembea kama mwezi mmoja mbele ya watoto wa Marekani. Lakini katika mambo kama kutambaa na kugeuka hawakuwatangulia. Kwa nini? Kwa sababu mama wa Kokwet waliwafundisha watoto wao kuketi na kutembea, nao walisema hivyo waziwazi. Walichimba kishimo kidogo ardhini, wakamketisha mtoto humo na kumwegemeza kwa blanketi mgongoni, wakifanya hivyo siku baada ya siku. Kutambaa hawakukufundisha, wala mtoto hakuwahi mapema. Akina mama ambao hawakusoma kitabu cho chote juu ya watoto walijua jambo ambalo wenye vyeti walikuwa wakilibishania.

Kwa upande mwingine, mzazi asifanye haraka kuwa mashindano. Shirika la Afya la Dunia liliwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na katika mwaka 2006 likatangaza kwamba wengine huketi bila kuegemezwa kabla ya kutimiza miezi minne, na wengine baada ya miezi tisa, nao wote ni wazima. Mikono nayo ni vivyo hivyo. Umri utajwao katika hotuba hii ni wa kadiri, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake huhesabiwa tangu siku aliyopaswa kuzaliwa, si tangu siku aliyozaliwa.

Kushika ni kazi. Kuachilia ni kazi kubwa zaidi. Mtoto wa miezi saba akitaka kuacha kitu hajui la kufanya; hukisahau tu kikaanguka, au hukinyang'anya kwa mkono wa pili. Karibu na mwezi wa tisa au wa kumi huanza kugundua kwamba vidole hufunguka akivitaka vifunguke. Ndipo huanza mchezo uwachoshao akina mama wote. Mtoto hutupa kikombe cha bati, mama hukiokota, mtoto hukitupa tena, akaegemea kutazama kilikokwenda. Mama aliyechoka hudhani kwamba mtoto ana ukaidi, na kofi huwa karibu. Lakini mtoto hana habari ya ukaidi. Amegundua jambo jipya kabisa, naye analirudia kama kijana aliyepewa baiskeli arudiavyo kuipanda jioni nzima. Afunge mama kikombe hicho kwa kipande kifupi cha ukambaa kwenye kiti, kamba isizidi urefu wa kiganja ili isimfunge mtoto shingo, apumzike mgongo wake. Mtoto akikaribia mwaka mmoja, akiambiwa "Nipe" na kunyoshewa mkono, atakitoa kitu na kukiweka katika kiganja cha mwenziwe, ijapokuwa pengine atakitaka tena mara moja.

Wakati huo huo vidole vinafika kwenye ujuzi wao mkubwa. Mtoto wa miezi minane akiona punje ya mahindi sakafuni huiparua kwa vidole vyote, kama kuku aparuavyo takataka, na mara nyingi punje humponyoka. Mwezi wa tisa au wa kumi huibana kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Atimizapo mwaka mmoja huidonoa kwa ncha za vidole viwili, kwa usahihi ambao mtu mzima mwenye haraka huenda asiwe nao. Pamoja na hayo kidole cha shahada hujitenga na wenziwe, kikaanza kuonyesha vitu na kuchokora kila tundu.

Na hapa wazazi hawana budi kusikia vizuri sana. Siku ile mtoto anapoweza kuokota punje moja, nyumba aliyokuwa akiishi salama jana si salama tena leo. Njugu, harage, punje ya mahindi, kifungo, ushanga, sarafu ya shilingi, vyote huokotwa, na vyote huenda kinywani, na cho chote kati yake huweza kuziba koo. Njugu na peremende ngumu asipewe mtoto mdogo, hata kama analia na hata kama mgeni ndiye aliyezileta. Vijibetri vya duara vya saa na vya vitu vya kuchezea ni vibaya zaidi ya sarafu, kwa kuwa vikikwama kooni huweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Aliyemeza betri apelekwe hospitali wakati ule ule bila kungoja kuona kama itatoka. Mafuta ya taa yaliyowekwa katika chupa ya soda yamewadhuru watoto wengi, kwa maana mtoto huijua chupa ya soda. Yawekwe katika chombo chenye kifuniko madhubuti, juu, mahali pasipofikiwa. Mtoto akiyanywa asitapishwe, wala asipewe maziwa ili atapike, kwani mafuta yakipanda na kuingia mapafuni ndipo yaletapo madhara makubwa; apelekwe hospitali upesi. Jiko la makaa, sufuria ya uji, na kikombe cha chai kilichowekwa ukingoni mwa meza juu ya kitambaa kininginiacho, vyote vimo katika hesabu hiyo. Mkono uliojifunza kuvuta utavuta.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akipaliwa na kitu, naye hawezi kulia wala kukohoa, alazwe kifudifudi juu ya mkono wa mtu mzima, kichwa kikielekea chini kuliko kiuno na taya likishikwa vizuri, apigwe mara tano kwa kiganja katikati ya mabega. Kitu kisipotoka, ageuzwe chali, na kifua kibonyezwe mara tano kwa vidole viwili katikati, chini kidogo ya chuchu. Mambo hayo yarudiwe huku mtu mwingine akitafuta msaada. Asiingizwe kidole kooni kukitafuta kitu kisichoonekana, maana husukumwa ndani zaidi. Inafaa baba naye alijue somo hili, si mama peke yake, na pia msichana wa kazi na nyanya aachiwaye mtoto mchana.

Baadhi ya watu wakisikia hatari hizi huona dawa ni kumfunga mtoto mgongoni kutwa, au kumlaza kitandani mahali ambapo hakuna kitu cha kushikwa. Hiyo ni hasara ya namna nyingine. Katika miaka ya 1960 Burton White na wenzake huko Marekani waliwachunguza watoto waliokuwa wakilelewa katika nyumba ya serikali, wakilala chali katika vitanda vilivyozungukwa na kitambaa cheupe, hawana cha kutazama. Wengine walibebwa zaidi na kuwekewa vitu vya rangi vya kutazama na kugusa. Hao walijifunza kuufikisha mkono kwenye kitu mapema kwa zaidi ya mwezi mmoja kuliko wenzao. Katika mwaka 2002 Amy Needham na wenzake waliwavika watoto wa miezi mitatu, wasioweza bado kushika, vifuko vya mkononi vyenye kunasa, hata vitu vidogo vilivyofanywa vya kunasa vikagandama navyo vilipoguswa. Baada ya siku chache za mchezo huo, dakika chache kila siku, watoto hao walipenda kuvichunguza vitu kwa macho na kwa mikono kuliko watoto ambao hawakuwahi kucheza hivyo. Walikuwa wameonja faida ya kushika.

Mzazi wa shamba au wa mjini hahitaji kununua vifaa hivyo. Gunzi la mahindi lililooshwa, mwiko mdogo, kifuu cha nazi kilicholainishwa kingo, kikombe cha bati, kitambaa cha rangi kilichofungwa fundo, vyatosha kabisa, mradi cho chote kisiweze kuingia chote kinywani na kisiwe na ncha wala rangi itokayo. Mtoto aliye macho asifungwe mikono ndani ya blanketi, wala asivikwe vifuko vya mikono kutwa nzima kwa kuogopa kujikwaruza, kucha zikatwe. Alazwe kifudifudi kidogo kila siku akiwa macho na mtu akiwa karibu, ili mabega yapate nguvu, maana mkono hutegemea bega kama tawi litegemeavyo shina. Wakati wa kulala usingizi na alazwe chali. Mgongo wa mama ni mahali pazuri pa mtoto, lakini si mahali pekee.

Kuhusu mkono wa kushoto, maneno hayahitaji kuwa mengi. Kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi huzaliwa akiwa na mwelekeo wa shoto. Mkono aupendao mtoto hujulikana polepole, aghalabu kati ya mwaka wa pili na wa tatu na baadaye. Kuufunga mkono huo, kuupiga, au kuutia pilipili hakuondoi shoto. Humfanya mtoto aogope kuandika na kula mbele za watu. Kama desturi ya nyumbani ni kula na kusalimu kwa mkono wa kulia, mtoto atafundishwa desturi hiyo kwa upole akikua, na kalamu ataachiwa aishike kwa mkono wake.

Lakini mtoto ambaye kabla ya kutimiza mwaka mmoja hutumia mkono mmoja tu, na kuuacha wa pili umekunja ngumi, huyo si mwenye shoto wala mwenye kulia. Huyo ana mkono dhaifu, na jambo hili ndilo ambalo wazazi hukosea mara nyingi kuliko yote, kwa kuwa husema, "Ameanza mapema kuchagua." Mtoto mzima wa umri huo hutumia mikono yote miwili. Yumkini ubongo uliumia kabla ya kuzaliwa, au katika uzazi mgumu mtoto alipokosa hewa, au baadaye kwa umanjano mkali, au kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa malaria iliyopanda kichwani. Si laana, wala si kosa la mama. Vivyo hivyo aangaliwe mtoto ambaye ngumi zake bado zimefumba sana na gumba limefichwa ndani baada ya mwezi wa nne. Na yule asiyenyosha mkono kutaka kitu afikapo miezi sita. Na yule aliyekuwa akishika kisha akaacha, kwa umri wo wote. Mtoto ambaye tangu kuzaliwa mkono mmoja umelala ubavuni hauinuki, pengine mishipa ya fahamu ya shingoni ilivutwa wakati wa kuzaliwa. Apelekwe hospitali katika wiki hizo za kwanza, kwa maana wengi wao hupona, lakini wasiopona huhitaji kujulikana mapema.

Nafasi za kuuliza zipo. Mama hufika kliniki kwa ajili ya sindano mtoto akiwa wa wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha wa miezi 9 na miezi 18. Katika kila safari na amwambie mwuguzi aitazame mikono ya mtoto, na amweleze yale ayaonayo nyumbani, kwa kuwa mwuguzi humwona mtoto kwa dakika chache, naye mama humwona siku zote. Akiambiwa "Ngoja, atakua tu," na moyo wake haujatulia, arudi tena, au aende hospitali ya kaunti awaulize walio na kazi ya kuwafunza watoto matumizi ya viungo. Chama cha APDK, kilichoanzishwa Kenya mwaka 1958, nacho huwahudumia wenye ulemavu wa viungo.

Huko hakuna dawa ya kumeza iurudishao ubongo ulioumia. Kuna mazoezi. Mzazi hufundishwa kuulegeza mkono uliokaza wakati wa kuoga, kumweka mtoto wima ili mikono yote miwili ikutane mbele yake, na kukileta kijiko upande wa mkono ulio dhaifu badala ya upande ulio rahisi. Kwa watoto wengine, wakiisha kukua kidogo, mtaalamu huufunika mkono ulio mzima kwa kifuko laini kwa saa chache za mchezo kila siku, kwa muda wa wiki kadhaa, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mzazi asiifanye kazi hiyo peke yake bila kufundishwa, kwa maana mtoto aliyefunikwa mkono mzima bila kusaidiwa hukata tamaa, akalia, akaacha kucheza. Lakini akiongozwa vema, vidole ambavyo havikufunguka kwa miezi mingi huweza kuonekana vikikizunguka kipande cha kiazi, polepole, na kukipeleka kinywani.